Mistari Iliyolala Upande wa Pili

Haarlem, tarehe 4 Machi 1641

Mwanangu Lubbert,

Nakusalimu kwanza, ndipo nikugombeze. Sisi hatujambo. Barafu ya mfereji imeanza kuyeyuka kandokando, na Trijn wa jirani ameteleza mara mbili, na mara zote mbili kamlaumu paka wangu.

Barua yako ya Januari imefika. Nimeisoma kwa kidole, neno baada ya neno, kama unavyojua ninavyosoma. Nilipofika mwisho nikarudi mwanzo. Lubbert, mwandiko si wako. Mwandiko wako umeegemea kama mlevi ukutani. Huu umesimama wima kama karani wa baraza. Jina la chini ni lako, lakini jina la mtu hata adui yake anaweza kuliandika.

Unaumwa? Niambie. Watu wanasema hewa ya huko Roma ni sumu, kwamba mchoraji anaketi kwenye magofu asubuhi akiwa mzima, jioni anarudi anatetemeka, na wiki haiishi kabla hajazikwa. Lakini hiyo ni hewa ya kiangazi, nawe umeandika Januari. Nimewaza mpaka nikaunguza uji.

Mabamba yako manne ya kwanza ya shaba yametoka vizuri. Mimi mwenyewe ndiye niliyeyapaka wino na kuyapangusa, na karatasi nikazitundika kambani kwa mikono yangu. Watu wanasimama dirishani pa karakana kutazama zile nguzo zilizoanguka na mbuzi wanaokula majani juu ya vichwa vya makaisari. Bwana Pauwels, mwenye karakana, anasema akishapata yote kumi na mawili atayatoa pamoja kama kitabu, na jina lako litakuwa mbele, herufi kubwa: Lubbert Wybrants, aliyechora haya Roma kwa macho yake na kwa mkono wake. Baba yako alipaka chokaa kuta za watu miaka ishirini na hakuna ukuta hata mmoja wenye jina lake. Mimi ninapangusa shaba za watu mwaka wa kumi na tisa sasa. Kwa hiyo unaelewa.

Niandikie wewe mwenyewe. Hata mstari mmoja. Hata matusi.

Mama yako,
Machtelt


Roma, tarehe 12 Aprili 1641

Mama yangu mpenzi,

Umenichekesha na karani wako wa baraza. Anaitwa Gillis, ni mtu wa Antwerp, tunakaa naye chumba kimoja, naye ndiye anayeandika haya huku mimi nasema. Amenuna kuitwa karani. Anasema yeye ni mchoraji wa mandhari, ila bado mandhari hazijajua.

Mama, sababu ni ndogo. Kutwa nzima vidole vyangu vina nta na masizi, na nikishika karatasi naiharibu. Gillis ana mwandiko mzuri na hana kazi. Basi nasema, yeye anaandika, na wote wawili tunaokoa muda. Ondoa wasiwasi, ule uji wako kabla haujaungua.

Sisi wa kaskazini tuko wengi hapa. Mgeni akifika wanamwagia divai kichwani na kumpa jina jipya, na tangu hapo hakuna anayekumbuka jina alilobatizwa. Mimi wameniita Korongo, kwa ajili ya miguu. Gillis wanamwita Kikaango, na hataki niseme kwa nini. Mama mwenye nyumba wetu, Bi Menica, hawezi kutamka jina la yeyote kati yetu, kwa hiyo anatuita wote "wewe, mlafi."

Mahali pale palipokuwa baraza kuu la Warumi wa kale siku hizi ni soko la ng'ombe. Wanawake wanaanika mashuka kati ya nguzo za hekalu. Jana nilikuwa nachora tao moja, mama mmoja akaja akatundika suruali za mumewe katikati kabisa. Nikamwambia, "Mama, tafadhali, nachora." Akanijibu, "Na mimi nafua. Tao limekaa miaka elfu, suruali zinahitajika kesho." Nikazichora suruali. Utaziona kwenye bamba la sita.

Natuma la tano na la sita pamoja na barua hii kwa mkono wa mfanyabiashara wa nguo. Mwambie Bwana Pauwels nimechelewa kwa sababu ya mvua.

Mwanao mwenye afya,
Lubbert


Haarlem, tarehe 2 Juni 1641

Kwa Gillis, yule anayeandika,

Barua hii ni yako wewe, si ya mwanangu. Usimsomee. Kama mwanangu yupo wa kusomewa.

Mimi sikusoma shule. Lakini kuna kitu kimoja ninachokijua kuliko wengi waliosoma. Kinachokwaruzwa kulia kwenye shaba, karatasini hutokea kushoto. Hilo hata paka wa karakana analijua. Mtu wa mkono wa kulia akitia kivuli kwa sindano, mistari yake ikifika karatasini huanzia juu kushoto ikashuka kulia, kama mvua inayosukumwa na upepo. Wachoraji wote waliopita mikononi mwangu kwa miaka kumi na tisa, mvua yao inasukumwa upande huo. Na ya mwanangu pia. Mabamba manne, vivuli vyote, hakuna hata mstari mmoja uliokwenda kinyume.

Wiki iliyopita nilipaka wino bamba la tano. Nikapangusa, tukapitisha kwenye mtambo wa kuchapia, nikainua karatasi kwa ncha. Mvua ilikuwa inatoka upande wa pili.

Nilipiga ukelele. Bwana Pauwels akatoka ndani. "Nini, Machtelt, panya?"

Nikamwambia, "Bwana, hii si kazi ya mwanangu."

Neno lilitoka kabla sijalimeza. Ningeweza kusema wino umemwagika. Ningeweza kusema panya. Akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama juu ya karatasi. Akasema, "Kweli. Huyu ni mtu mwingine, tena wa shoto." Akaichukua karatasi, akayafungia mabamba yote mawili, la tano na la sita, kabatini, akaweka ufunguo mfukoni.

Sasa nakuuliza wewe. Mwandiko wa barua ni wako. Je, na mistari ni yako? Wewe ni wa mkono wa kushoto? Kama mwanangu amekufa kwa homa nawe unakaa unachora kwa jina lake ili mama yake asijue, basi nakushukuru kwa huruma yako na naomba uache. Kama umemfanyia jambo baya, Mungu anakuona, na mimi pia nakuona, kwa sababu umeacha mkono wako kwenye shaba.

Una mama? Kama unaye, fikiria yeye ndiye anayeandika haya.

Machtelt Wybrants, mjane


Roma, tarehe 8 Julai 1641

Kwa Mama Machtelt, kwa heshima,

Nimesoma barua yako nje, nimesimama juani, halafu sikuweza kurudi ndani kwa muda.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba. Kwa hiyo sina wa kumfikiria, lakini nilijaribu.

Mwanao yu hai. Naapa kwa chochote utakachotaka. Asubuhi ya leo amekula mkate na vitunguu, amegombana na Bi Menica juu ya ndoo, na sasa hivi amelala mchana kama wanavyolala watu wote wa mji huu. Homa haijamgusa.

Mimi natumia mkono wa kulia. Sijaigusa sindano ya mwanao hata mara moja. Ninachofanya ni kushika mshumaa chini ya bamba ili nta ishike masizi, na kumwaga tindikali anaponiambia mwaga. Kila mstari uliouona aliutia Lubbert.

Zaidi ya hapo nimeapa nisiseme. Alinifanya niape akiwa katika hali ambayo mtu hawezi kumkatalia. Nisamehe. Yatazame mabamba tena, mama. Wewe unaona kuliko wengi.

Gillis


Haarlem, tarehe 20 Agosti 1641

Lubbert mwanangu,

Usimkasirikie Gillis. Hakusema. Nimejua mwenyewe, tena ni aibu yangu kwamba nimejua kwa kuchelewa.

Barua yake iliponifikia nilimwomba Bwana Pauwels anifungulie kabati. Alininunia. "Umeshaniambia si yake, Machtelt. Unataka kutazama nini, vumbi?" Nikamwambia nataka kuyafuta kutu. Akanifungulia.

Nililiweka la tatu kando ya la tano mezani karibu na dirisha. Safari hii sikutazama mistari. Nilitazama vitu. Nikawatazama mbuzi. Lubbert, tangu ukiwa na miaka sita hujui kuchora mbuzi. Magoti yao ya mbele unayakunja kama ya mtu aliyepiga magoti kanisani. Baba yako alikuwa anakucheka kwa hilo. Kwenye la tatu kuna mbuzi watatu wanasali. Kwenye la tano kuna mbuzi wawili, mmoja amejificha nyuma ya ukuta, nao wanasali.

Nikakaa chini.

Halafu nikachukua kipande cha shaba chakavu chenye nta, na sindano ya zamani ya karakana. Nikaishika kwa mkono wa kushoto. Nilijaribu kutia kivuli cha ukuta, mistari kumi tu. Mkono ulitetemeka, mistari ikaenda inakotaka yenyewe, na yote ikalalia upande uleule wa mistari yako mipya. Nilipoinua macho vidole viliniuma. Mistari kumi, Lubbert. Na kwenye la tano ipo maelfu.

Nini kimeupata mkono wako wa kulia?

Niambie sasa, usinipunguzie. Umekatwa? Umeungua kwa tindikali? Upo au haupo? Mimi ndiye niliyekufundisha kushika kijiko kwa mkono huo. Nina haki ya kujua ulipo.

Na sasa na mimi nina jambo la kukueleza. Mwezi wa tano, kwa hofu, nilimwambia Bwana Pauwels mabamba mapya si yako. Ameliamini neno langu kwa sababu hajawahi kuniona nimekosea. Anasema hawezi kuweka jina la mtu kwenye kazi ya mtu mwingine, viongozi wa chama cha wachoraji watamfungia karakana. Amesema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Kabla ya Pasaka, aje asimame mbele yangu na mbele ya chama, achore tumwone. Asipokuja nitayakwangua mabamba, shaba nimpe mwingine, na kitabu kitatoka kwa jina la huyo mwingine."

Kwa hiyo rudi nyumbani. Rudi, mwanangu. Mkono ukiwa mbovu, nyumbani ndiko pa kuwa na mkono mbovu.

Mama yako,
Machtelt


Roma, tarehe 24 Septemba 1641

Mama,

Gillis anaandika, na safari hii nimemkataza asipunguze neno hata moja, hata nikitukana.

Ilikuwa tarehe tisa Januari, asubuhi. Kwenye kilima cha majumba ya makaisari kuna kuba zimepasuka, na ukipanda juu ya mojawapo unaona mji wote wa magofu chini yako, mpaka milimani. Hakuna aliyechora kutoka pale, kwa sababu hakuna mwenye akili anayepanda pale. Nilishika mizizi ya mtambaa. Ule mmea umeshika kuta hizo miaka mia tatu, nami ndiye niliyekuwa mzito wa kwanza. Nilianguka kimo cha nyumba mbili. Mkono ulitangulia.

Wakamwita mganga wa mifupa, yeye akauvuta, akaufunga, akapokea kuku wake akaenda. Uliunga vibaya. Upo, mama, uliuliza kama upo. Unaning'inia pale pale unapoujua. Vidole havifungi. Siwezi kubeba kikombe, siwezi kufunga kifungo. Sindano ndiyo sizungumzii.

Mwezi wa kwanza nilitaka kufa, na Gillis alinikalia kifuani. Wa pili nikaanza na mkono wa kushoto. Nilichora nyasi tu. Siku nzima nyasi. Bi Menica akipita anasema, "Mlafi, unachora chakula cha ng'ombe?" Halafu mawe. Halafu nikatoka nikaenda kwenye magofu, na mama, nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu: mawe yale yalinipokea. Kila kitu pale kimevunjika na kimesimama. Hakuna anayelishangaa tao kwa sababu halina upande mmoja. Bamba la tano, ile kuba nikiitazama kutoka mbali, ni la kwanza nililolifanya tangu nianguke, nami nililipenda kuliko yote manne yaliyotangulia.

Sikukuambia kwa sababu nilijua neno utakalosema. Na umelisema. Rudi nyumbani.

Nikirudi Haarlem leo, ni karakana gani itanipa shaba? Watatazama mkono kabla hawajatazama kazi. Watanihurumia. Huku wameshazoea, wameshanivua jina la Korongo na wananiita Bawa Moja, tukacheka, yakaisha. Nahitaji mwaka mwingine na nusu, mama. Mabamba sita yamebaki na mkono huu bado ni mtoto, haujakomaa. Mbele ya wazee wa chama, wamenisimamia begani, utatetemeka, na watasema kweli si yeye.

Nina hasira na wewe, sitaficha. Ulisema neno moja kwa Bwana Pauwels, na neno hilo limezifanya siku zangu zote kuwa kazi ya mtu mwingine. Lakini mdomo uliosema ndio pekee anaouamini. Ulichoniandikia mimi juu ya mbuzi na mkono wa kushoto, kamwambie yeye. Mwonyeshe. Akikubali, niandikie, nami nitabaki nimalize.

Kama hutaki, au huwezi, nitakuja. Kuna merikebu ya watu wetu itakayotoka Livorno mara baada ya Krismasi. Nisipopata barua yako kabla ya siku hiyo, nitajua jibu, nitapanda.

Lubbert


Haarlem, tarehe 8 Novemba 1641

Mwanangu,

Barua yako ilifika siku kumi zilizopita. Nakuhesabia siku ili ujue, nisije nikaificha aibu yangu.

Siku tisa sikumwambia mtu. Barua ilikaa mfukoni mwa aproni, nikitembea inalia, nikiketi inalia. Nilijua la kufanya ni dogo sana: nisifanye kitu. Barua hupotea njiani kila siku, nani angejua? Krismasi ingepita, ungepanda merikebu, na majira ya kuchipua ungeingia kwa mlango huu. Nikaanza kujitayarisha, Lubbert, nisamehe. Nilitoa godoro lako nikalianika. Nilitandika kitanda chako shuka safi. Nilimwuliza mchinjaji juu ya mguu wa nguruwe. Trijn akaniambia, "Machtelt, unaimba. Nani amekufa akakuachia nyumba?"

Siku ya tisa nilikuwa natundika karatasi kambani, kazi ya kijana mmoja wa Delft, makanisa na ng'ombe. Nikakuona umesimama kando yangu chini ya kamba ileile. Bwana Pauwels amekuhurumia, amekupa kazi, unatundika picha za watu wengine kwa mkono mmoja, nami nakupokeza vibanio. Na ndani ya picha hiyo mimi nilikuwa na furaha. Furaha hasa. Hapo nilijiogopa kuliko nilivyopata kukuogopea wewe.

Asubuhi ya jana niliingia karakana kabla sijavua koti.

"Bwana Pauwels," nikasema, "mwezi wa tano nilikudanganya."

"Wewe?"

"Sikujua kwamba nadanganya. Naomba ufunguo wa kabati."

Nikayaweka matatu mezani, la tatu, la tano, la sita, na nakala zake kando. Nikamweleza mkono. Nilipofika mahali pa kuanguka aliweka kalamu chini. Lakini unamjua, huruma haimpeleki mbali. "Machtelt," akasema, "nasikitika. Lakini wewe ni mama. Mwezi wa tano ulikuwa mpangusaji na ulisema si yake. Leo ni mama na unasema ni yake. Nimwamini yupi?"

"Usimwamini hata mmoja. Shika sindano."

"Nini?"

"Hii hapa, na kipande cha shaba hiki hapa. Mkono wa kushoto. Nitilie kivuli."

Alicheka. Sikucheka. Akashika. Mtu amechora tangu utotoni, Lubbert, mkono wake wa kulia hucheza ngoma juu ya shaba, lakini ule wa kushoto ulikuwa kama mguu wa bata. Alitoa ulimi nje kama mtoto. Nikalitia bamba tindikali, nikaliosha, nikalipaka wino, tukapitisha kwenye mtambo sisi wawili. Nikainua karatasi.

"Mvua inatoka wapi?" nikamwuliza.

Akatazama. "Upande wa pili."

"Basi na wewe si wewe?"

Akavuta la tano karibu. "Inawezekana ikawa ni mtu mwingine yeyote wa shoto aliyeko Roma."

"Tazama mbuzi."

Akainama na kioo chake juu ya la tatu, akahamia la tano, akarudi la tatu. Mgongo wake ulianza kutikisika, nikadhani amekasirika.

"Machtelt," akasema, "hawa mbuzi wanasali."

"Wanasali, Bwana."

"Sijapata kuona mbuzi wabaya kama hawa."

"Duniani yuko mmoja tu anayewachora hivyo. Nimemzaa mimi, na hajapona ugonjwa huo kwa mkono wowote."

Kisha akaacha kucheka, akalitazama la tano lenyewe, ile kuba na mji wote chini yake. Alilitazama kama ninavyomwona akizitazama kazi za wale wakubwa, mdomo umefunguka kidogo. Akasema polepole, si kwangu, "Ameanza kuona vizuri zaidi." Akaniuliza kwa nini basi nilipiga kelele mwezi wa tano. Nikamwambia niliogopa, na mtu mwenye hofu husema kwanza, akatazama baadaye.

Sasa sikiliza. Mabamba hayatakwanguliwa. Jina ni lako. Ataliweka mbele na ataongeza chini yake kwamba kuanzia la tano yalichorwa kwa mkono wa kushoto. Anasema watu watanunua zaidi kwa ajili ya hilo, na nikamwambia hilo aliulize kwako kwanza, si kwangu. Ukikataa, hataliweka. Hutakuja mbele ya chama. Yeye atasimama mbele yao badala yako na karatasi yake ya mguu wa bata. Anataka yale sita yaliyobaki kabla ya Pasaka ya mwaka wa kesho kutwa, si huu ujao. Muda wako wote uliouomba umeupata.

Kwa hiyo usipande merikebu.

Usipande tena ile kuba pia. Hilo si ombi la mpangusaji.

Mwambie Gillis nimemfumia soksi, nimekisia mguu. Mwambie pia nilichomwandikia mwezi wa sita asikisahau kabisa, akumbuke tu kwamba yule aliyekiandika alikuwa na hofu. Akitaka kuniita mama, aniite.

Lubbert, yale niliyomwambia Bwana Pauwels niliyasema kwa sababu ni haki yako. Usidhani niliyasema kwa furaha. Leo asubuhi kabla ya kuandika haya nilipanda juu nikakitandua kitanda.

Mama yako,
Machtelt